Siku Ami Alipouliza Kuhusu Bahari

Jana binti yangu, akiwa na kazi ya shule kuhusu Mahakama Kuu, aliniuliza: "Mama, kweli jaji anaweza kuiambia serikali imevunja Katiba?" Nikamjibu anaweza. Mimi na Ami, yaani ami yangu mvuvi ambaye kwake ni babu mdogo, tulikuwepo jaji aliposema hivyo.

Ilikuwa Mahakama Kuu ya Malindi, mwaka 2018. Kesi ya wavuvi wa Lamu juu ya bandari mpya ya serikali kwenye ghuba ya Manda ilikuwa mahakamani tangu 2012. Chumba kilijaa hadi mlangoni. Hukumu ikasomwa kwa Kiingereza, nami nikawa namnong'oneza Ami sikioni: haki ya mazingira safi, haki ya kupewa habari, haki ya utamaduni. Akawa anatikisa kichwa taratibu. Nilipofika pale majaji waliposema wananchi hawakushirikishwa ipasavyo, akanishika mkono. Kiganja chake kilikuwa kigumu kwa miaka ya kuvuta jarife, wavu wa kuvulia samaki.

"Hebu rudia, mwanangu."

Nikarudia.

"Wamesema tulistahili kuulizwa?"

"Ndiyo, Ami. Katiba ndiyo inayotaka muulizwe."

Hakusema neno tena. Macho aliyakaza kwa majaji, na mkono wangu hakuuachia. Machozi yalinitoka mbele za watu, wala sikuyafuta.

Kisha ikatajwa fidia, shilingi bilioni 1.76 kwa wavuvi wapatao 4,600. Nje, watu walipokuwa wakipongezana, Ami akaniuliza: "Na bahari ya Manda, tutarudishiwa?"

Nilishindwa kumjibu. Bandari haikuvunjwa, na gati la kwanza lilifunguliwa 2021. Pengine mahakama inaweza kukuthibitishia haki yako huku kitu chenyewe kimeshakwenda. Nimelifikiria sana jambo hilo, na bado halijanikaa sawa.

Lakini wanaosema hukumu ile ilikuwa ya pesa tu, siwakubalii hata kidogo. Siku hizi mtu akija kwetu na makaratasi ya mradi, wazee humuuliza kwanza: wananchi mliwaita lini, na mliwaeleza nini? Juni 2019, baraza la rufaa za mazingira lilifuta leseni ya kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe kilichopangwa kujengwa Kwasasi, huko huko Lamu, na sababu mojawapo ilikuwa hiyo hiyo: wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Kiwanda hicho hakijajengwa.