Nilivyofuatilia kutu iliyojificha chini ya vihami joto vya mabomba ya kiwanda chetu, Moshi

Kutu inayokula bomba chini ya kihami joto, yaani vazi la kuzuia joto lisipotee ambalo hufunikwa kwa bati, huhesabiwa kuwa shida ya baharini, na kwa sababu ya haki: katika majukwaa ya kuchimbia mafuta, melini na bandarini, chumvi inayobebwa na upepo hupenya kwenye maungio ya bati na kurundikana juu ya chuma. Lakini chuma hakihitaji bahari ili kioze. Kinahitaji maji na oksijeni, na tangu nilipokabidhiwa mabomba ya mvuke ya kiwanda kimoja hapa Moshi nimesimamia msimamo kwamba masika yetu yanatosha kabisa kuleta madhara hayo.

Wenzangu waliamini kwamba bomba la moto hujikausha lenyewe. Ukweli ni kwamba chuma cha kaboni huwa hatarini katika joto la takriban nyuzi -4 hadi 175 za Selsiasi, na mahali pabaya zaidi si bomba kuu la mvuke bali lile linalorudisha boilani maji ya mvuke uliopoa. Hilo hukaa kwenye nyuzi 80 au 90, joto ambalo huharakisha kutu bila kuyafukuza maji upesi. Zaidi ya hayo, boila yetu huzimwa usiku, kwa hiyo bomba hulowa likiwa limepoa na kukauka likipata moto, na kila linapokauka huacha kloridi kidogo (chumvi inayochochea kutu) juu ya chuma, ikiwemo inayotokana na dawa ya klorini tunayooshea kuta na sakafu.

Kuvua vihami vyote kungegharimu fedha nyingi, na kihami kilichovuliwa kikarudishwa vibaya huwa ni mlango mpya wa maji. Nikachora ramani ya mabomba yote na kutia alama mahali ambapo maji huingia au hutuama: chini ya vali na flenji (visahani vya kuungia mabomba kwa bolti), kwenye vining'inizio vinavyotoboa bati, sehemu za chini kabisa za mteremko, na mahali ambapo mafundi hukanyaga wanapopita. Mwendesha boila wetu, mzee aliyeyazoea mabomba haya kuliko sisi sote, aliniambia, "Mwanangu, mvua ikikatika tazama bomba linafuka wapi." Ushauri huo ulikuwa na thamani kubwa, kwa kuwa sufu ya madini (nyuzi zinazounda kihami) iliyolowa juu ya bomba la moto hutoa mvuke mwembamba kwenye maungio ya bati, na mvua kubwa za Aprili zilinionyesha sehemu ambazo ramani yangu haikuwa nazo. Baadaye niliazima kamera ya joto kuzithibitisha, maana kihami kilicholowa hupitisha joto zaidi. Ila bati la alumini linalong'aa huidanganya kamera hiyo, kwa hiyo nilibandika utepe mweusi kila mahali nilipotaka kupima.

Kabla ya kukata dirisha lolote, yaani tundu kwenye bati na kihami la kukagulia chuma, nilihakikisha kwamba kihami cha zamani hakina asbesto, na kwamba bomba limefungwa, limepoa na halina shinikizo. Jambo hili nalisisitiza kwa kila fundi kijana: usigonge wala kukwangua magamba ya kutu kwenye bomba lenye mvuke, kwa sababu huenda ukuta uliobaki nyuma yake ni mwembamba mno. Kupoa kunahitajika pia kwa ajili ya vipimo, kwani mawimbi ya sauti husafiri polepole zaidi katika chuma cha moto na kifaa cha kupimia unene, kinachotumia mawimbi hayo, husoma zaidi ya unene halisi. Palipokuwa na vishimo, ambapo kichwa cha kifaa hakikai sawasawa, nilipima kina cha kishimo kutoka nje na kukitoa kwenye unene wa chuma kizima kilicho karibu.

Bomba la inchi nne tunalotumia huwa na ukuta wa milimita 6.02 likiwa jipya. Chini ya vali moja ya njia ya kurudisha maji, zaidi ya theluthi ya ukuta huo ilikuwa imeliwa, ilhali bati la juu halikuwa na doa, na kipande hicho tulikibadilisha. Kwingineko kipimo kimoja hakikutosha kuamua lolote, kwa sababu hueleza hali ya leo bila kueleza kasi. Kwa hiyo kila dirisha lina namba, alama ya kudumu kwenye chuma na ukurasa wake daftarini, na hupimwa palepale kila baada ya masika.

Madirisha yenyewe tumeyawekea vifuniko vyenye mpira, na bati jipya tunalipishanisha ili ukingo wa juu uufunike wa chini, huku mshono ukielekezwa upande wa chini ya bomba, maji yateremke badala ya kuingia. Msimu huu tunaendelea na mabomba ya maji ya moto yaliyo nyuma ya ghala, ambayo bado hayana dirisha hata moja.