Siku yangu ya kufundisha tetemeko, lava na mazuku (gesi ya ardhini inayoua) hapa Goma

Saa 11:30 alfajiri. Kabla ya chai natoka uani kutazama kaskazini. Mlima wa volkano wa Nyiragongo, na mita zake 3,470, umefunikwa wote na wingu leo. Sisi watu wa Goma tunautazama kila tunapoamka, ingawa kuutazama tu hakutoshi. Jumamosi ya tarehe 22 Mei 2021 tuliamka tukautazama vilevile, na jioni lava ikawa njiani kuelekea Buhene, pembezoni mwa mji.

Saa 1:15. Nimepanda motari, pikipiki ya abiria, kwenda shule. Kwenye mfuko nina mishumaa miwili, chupa ya siki, pakiti ya bikaboneti na beseni refu la plastiki linaloonyesha ndani. Njia nzima kuta ni nyeusi, zimejengwa kwa mawe ya lava. Wanafunzi wangu wa mwaka wa tano walizaliwa baada ya 2002, mwaka ambao lava ilikata mji katikati, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege, ikaingia Ziwa Kivu. Wengine wanalala juu ya lava hiyohiyo na hakuna aliyewahi kuwaeleza.

Saa 2:00. Somo la ufa. Nachora Bonde la Ufa, tawi la magharibi, na maziwa yake: Albert, Edward, Kivu, Tanganyika. Ardhi inavutwa huku na huku kwa milimita chache kila mwaka. Gandunia, yaani ganda la juu la dunia, inakonda, inapasuka, kipande cha katikati kinadidimia na maji yanajaa humo. Kijana mmoja mwenye ndugu Bukavu akauliza kama tetemeko la Februari 2008 lilitoka hapo. Ndiyo, lilikuwa la ukubwa wa 5.9, na liliua watu kwetu na ng'ambo, Rwanda.

Saa 3:30. Mkono wa binti anayekaa nyuma ukainuka: "Mwalimu, ile Mei 2021 lava ilikuwa imesimama. Mbona ardhi iliendelea kutikisika?"

Darasa lote likanyamaza, kwa sababu wote wanakumbuka. Walikuwa wadogo, walibebwa mgongoni au walishikwa mkono kuelekea mji wa Sake. Nikawaeleza kwamba si magma yote, yaani mwamba ulioyeyuka chini ya ardhi, iliyotoka juu. Sehemu yake ilipenya chini kwa chini kuelekea kusini, ikapita chini ya mji wetu hadi chini ya ziwa. Kila ilipopasua mwamba ili ipate njia, sisi juu tulitikiswa, na nyufa zikafunguka barabarani na ndani ya nyumba. Lava ingeweza kutokea katikati ya watu. Ndiyo sababu tarehe 27 Mei mitaa 10 kati ya 18 iliamriwa kuhama. Binti akasema mama yake hadi leo anaamini walifukuzwa bure. Nikamwomba akamweleze mama hayo, kwa upole.

Saa 5:15. Tumetoka kidogo nyuma ya shule, kwenye lava tupu. Lava ya Nyiragongo ina silika kidogo (madini yanayoifanya lava iwe nzito kutiririka), kwa hiyo ni nyepesi kutiririka. Mwaka 1977 ubavu wa mlima ulipasuka na ziwa la lava likamwagika lote kwa muda usiofika saa moja. Juu inapoganda, ndani inaendelea kukimbia. Ikiisha kupita, panabaki pango. Watoto wanapenda kucheza mapangoni, na hilo ndilo linaloninyima raha kuliko kreta yenyewe.

Saa 6:30. Mishumaa. Mmoja mfupi, mmoja mrefu, yote nimeisimamisha ndani ya beseni na kuiwasha. Nikamwaga siki taratibu juu ya bikaboneti pembeni. Povu likapanda, likashuka. Hakuna moshi, hakuna harufu isipokuwa ya siki. Mshumaa mfupi ukazimika. Ule mrefu ukaendelea kuwaka. Wakasogea wote mbele, nikawaacha waangalie hadi wa pili nao ulipozimika.

Hiyo ni kaboni dayoksaidi, nzito mara moja na nusu kuliko hewa. Mazuku ni gesi hiyohiyo, inatoka kwenye nyufa na kukaa mabondeni, hasa magharibi mwa mji kuelekea Ziwa la Kijani. Usiku na alfajiri, upepo ukiwa umelala, inajikusanya. Jua likiwaka na upepo ukivuma, inapungua. Mtu mzima anaweza kupita amesimama, mtoto au mbuzi anayemfuata akaanguka. Ukiona panya na ndege wamekufa mahali pa chini, rudi ulikotoka. Mwenzako akianguka humo usiiname kumwinua peke yako, ita watu. Sentensi hiyo niliwaambia wairudie kwa sauti, mara kadhaa. Mtihani wa Taifa hauiulizi, na mimi nitaendelea kuifundisha.

Saa 9:30 alasiri. Mama wa mwanafunzi mmoja, muuza samaki wa soko la Kituku, amekuja kuuliza kuhusu kiwanja. Ni bei nafuu, kiko bondeni, majirani wanasema mbuzi walikufa hapo bila ugonjwa. "Mwalimu, ni uchawi?" Hapana, mama. Nimemsihi asitoe pesa kwanza. Jumamosi tutakwenda wote, jua likishapanda, na watoto wabaki nyumbani.

Saa 2:00 usiku. Naandaa somo la kesho: Ziwa Kivu. Chini kabisa limeshika takriban kilomita za ujazo 300 za kaboni dayoksaidi na 60 za methani. Nitaanza na Ziwa Nyos, Kameruni, ambalo mwaka 1986 lilitoa gesi usiku na kuua zaidi ya watu 1,700. Kisha nitawaonyesha mtambo wa upande wa Rwanda, unaovuta methani hiyo na kutoa megawati 26 za umeme. Yule binti wa nyuma atataka kujua kwa nini sisi hatujaanza, na nimeacha nusu saa nzima kwa ajili ya swali hilo.