Mchele juu ya koni: tulivyoanza kupima spika kwa maiki hapa Ngamiani

Karakana yetu iko Ngamiani, Tanga, kwenye mojawapo ya zile barabara zinazoitwa kwa namba. Tunatengeneza maboksi ya spika: ya kumbi za arusi, ya misikiti, ya vikundi vya taarabu, na ya vijana wanaokodisha muziki. Mwenye karakana ni mjomba wangu. Kwa miaka mingi kipimo cha mwisho cha boksi kilikuwa sikio lake. Akikunja uso, boksi linafunguliwa upya. Akinyamaza na kuagiza kahawa, linakwenda kupakwa rangi.

Mafundi wenzangu kadhaa wameniuliza tuliingizaje maiki ya vipimo na kompyuta katika kazi hiyo bila mzee kususa. Ukweli ni kwamba vifaa havikuwa tatizo. Maiki ya kupimia, aina ya UMIK-1, niliagiza kwa ndugu anayesafiri. Programu ya kupimia sauti, REW, ni ya bure. Laptopu ilikuwepo, imechoka lakini inawaka. Kazi ilikuwa kumfanya mtu aliyetengeneza spika tangu mimi sijazaliwa aone kwamba mchoro kwenye kioo haumtukani.

Kwa hiyo sikuanza kupima boksi jipya. Nilianza kupima yale ambayo mjomba alikuwa anayajua tayari.

Ana mbinu moja ambayo sijaiona kwa fundi mwingine. Boksi likiisha kukatwa tundu la hewa, analilaza chali, koni ikitazama dari, anatia punje chache za mchele katikati ya koni. Kisha anaunganisha kinanda, anachagua sauti ya filimbi, na kubonyeza noti za chini moja moja. Mchele unaruka, unaruka, halafu kwenye noti fulani unatulia ingawa sauti bado ni kubwa. "Hapo ndipo linapopumulia," husema. Akitaka noti hiyo ishuke, anarefusha bomba la tundu. Akitaka ipande, analifupisha. Maboksi yake ya besi ya inchi 15 huyatuliza kwenye noti ya Soli ya chini, yaani hezi 49, mitetemo 49 kwa sekunde.

Nilijenga kifaa cha kupima ukinzani wa spika (inavyouzuia umeme) kwa kila masafa, yaani kwa kila kasi ya mtetemo, chini hadi juu: rizista moja ya omu 100, waya, na kadi ya sauti ya USB. Nikapima boksi lililokwisha pita mchele. Mchoro ulitoa vilima viwili na bonde katikati, na bonde lilikaa kwenye hezi 48. Ndivyo inavyotakiwa kuwa. Kwenye masafa hayo hewa ya ndani ya tundu ndiyo inayofanya kazi, inaikandamiza koni isicheze, na mchele nao haupati wa kuurusha. Nilimwonyesha mjomba. Akatazama muda mrefu, akauliza hiyo moja iliyopungua imekwenda wapi. Nikamwambia pengine kinanda hakikupigwa sawasawa na mchele hauna desimali. Alicheka, na tangu siku hiyo akawa anavuta kiti kukaa karibu na laptopu.

Nikamweleza pia kwamba hesabu za maboksi ya namna hii zina wenyewe. Neville Thiele wa Australia aliziandika mwaka 1961, na Richard Small akaziendeleza mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kabla ya hapo hata viwanda vikubwa vingi vilikuwa vinakata, vinasikiliza, vinakata tena, kama sisi. Hilo lilimfurahisha kuliko nilivyotarajia. Boksi lake hupimwa kwa mkono: kimo dhiraa moja na nusu, upana shibiri mbili, kina shibiri mbili. Ukitoa unene wa plaiwudi unabaki na lita 120 hivi, na kwa spika nyingi za inchi 15 za muziki wa jukwaani hiyo si hesabu mbaya hata kidogo.

Ugomvi ulikuja kwenye twita, ile spika ndogo ya sauti za juu. Maboksi yetu ya zamani yalikuwa na kapasita moja tu, kifaa cha kuzuia sauti za chini, ya maikrofaradi 3.3 mbele ya twita ya omu 8. Piga hesabu: twita hiyo inaanza kufanya kazi sawasawa kwenye hezi 6,000 hivi. Besi ya inchi 15 nayo, kuanzia hezi 1,000 kwenda juu, sauti yake inajikusanya mbele na kuwaacha waliokaa pembeni, na ikifika 2,500 imeshachoka. Katikati pana shimo. Shimo hilo liko mahali ambapo herufi za mwimbaji hukaa, zile s, t, k na ch. Katika mji huu wa vikundi vya taarabu vya Black Star na Lucky Star, watu wanakuja kusikiliza maneno. Taarabu ambayo mafumbo yake hayasikiki ni kelele ya bei ghali.

Mjomba alikuwa anajua kwamba "mwimbaji anajificha". Dawa yake ilikuwa kumwambia mpiga mitambo aongeze trebo. Matokeo yake matoazi yanachoma masikio na mwimbaji bado yuko uvunguni.

Hapa mchoro wa ndani ya karakana haukutosha, maana karakana yetu ni ya bati, inaitikia kila kitu. Watu wenye uwezo hupimia kwenye chumba kisicho na mwangwi, au kwa mtambo wa Klippel wa Ujerumani unaozungusha maiki kuizunguka spika na kuondoa mwangwi kwa hesabu. Sisi tulikwenda kwenye uwanja wa kikapu wenye sakafu ya saruji, mara baada ya swala ya alfajiri, kabla ya bodaboda na kunguru. Upepo wa kusi ukivuma tunarudi nyumbani, kwa sababu maiki inausikia upepo kama besi.

Tunapima kwa njia mbili. Kwa sauti za chini, spika inalala sakafuni na maiki inalala sakafuni. Mwangwi wa sakafu na sauti yenyewe vinafika pamoja, kwa hiyo hakuna cha kuvurugana, unakumbuka tu kutoa desibeli 6. Kwa sauti za juu, spika inapandishwa juu ya mapipa mpaka twita ifike mita 2, maiki nayo mita 2, umbali mita 1. Sauti iliyogonga chini inachelewa milisekunde 9 hivi, programu inakata kabla haijafika. Kinachobaki kinaaminika kuanzia hezi 110 hivi kwenda juu. Halafu unazungusha boksi nyuzi 10, unapima tena, mpaka ufike nyuzi 90. Kiwango cha Marekani cha CTA-2034 kinataka vipimo 70, mlalo na wima kuzunguka pande zote. Mgongo wangu hauna vipimo 70.

Kila kipimo ni sauti inayopanda kutoka mngurumo hadi mluzi. Watoto wanaokwenda madrasa waliishika siku hiyo hiyo, na hadi leo nikipita naitwa kwa sauti hiyo.

Tulibadilisha twita tukaweka honi, spika ya sauti za juu yenye mdomo kama wa tarumbeta, na badala ya kapasita moja tukafunga krosova yenye koili na kapasita, inayogawa sauti kati ya besi na honi karibu na hezi 2,000: maikrofaradi 6.8 na koili ya milihenri 0.9 niliyosokota mwenyewe kwa waya wa transfoma iliyoungua. Kitabu kinatoa namba hizo kwa omu 8 zilizonyooka, lakini spika halisi haina omu 8 zilizonyooka, kwa hiyo tulipunguza na kuongeza mizunguko ya koili hadi shimo likajaa, mbele na hadi nyuzi 40 pembeni.

Mjomba akasema sawa, mstari umenyooka, lakini je, muziki? Swali la haki. Floyd Toole alilijibu kule Kanada miaka ya 1980, kwenye maabara ya taifa: aliwaketisha wasikilizaji wasione spika, na wengi wakapendelea zenye mchoro ulionyooka na laini. Sikutaka mjomba aniamini mimi wala Toole. Tulifunika boksi la zamani na jipya kwa shuka moja refu, tukasawazisha ukubwa wa sauti kwa maiki, kwa sababu spika iliyozidi hata desibeli 1 masikio huiona bora bila sababu nyingine. Nikawaita wapiga kinanda, muuza kahawa, na shangazi mmoja anayejua kila wimbo wa taarabu uliopata kupigwa Pwani. Mjomba alikaa nao. Karibu wote walichagua jipya, naye akiwemo. Shangazi alisema kwenye lile jingine mtu anaimba akiwa na kanga mdomoni. Mpiga kinanda mmoja aling'ang'ania la zamani kwa ngoma tupu bila mwimbaji, na sikuona sababu ya kumbishia.

Faida kubwa ya fedha, lakini, haikutoka huko. Ilitoka kwenye kupima spika kabla ya kuzifunga. Sokoni unapewa mbili zenye lebo moja, zote zimeandikwa wati 1,000, na koili ndani nyembamba kama uzi wa kushonea. Nikizipima, moja inatikisika kwa asili yake kwenye hezi 38, nyingine 61. Ukizitia kwenye maboksi pacha hazitakuwa pacha kamwe. Siku hizi nabandika kipande cha nta cha gramu 30 kwenye koni, kimepimwa kwa mizani ya sonara, naangalia masafa yanashuka kiasi gani: yakitoka 42 kwenda 36, najua koni ina uzito wa gramu 83 hivi na naweza kuipigia hesabu ya boksi. Muuzaji wetu wa sasa anakubali turudishe zisizolingana. Wa kwanza alikataa, tukamwacha.

Mchele bado tunautumia. Unachukua dakika mbili na hauhitaji umeme wa laptopu. Mchoro wa kila boksi tunauchapisha na kuubandika ndani ya mlango wa nyuma, pamoja na tarehe, ili likirudi limeungua tujue lilitoka likiwaje.

Wanaokodisha muziki wa usiku, wa ngoma za kucheza kama baikoko, ndio hawakuridhika na mstari ulionyooka. Wanataka mdundo utembee kifuani. Niligoma kidogo, mjomba akanikumbusha nani analipa kodi ya pango. Tukafunga rizista na swichi nyuma ya boksi, inayoshusha honi desibeli 3 ili besi ijitokeze. Swichi ina alama mbili, ameziandika mjomba mwenyewe kwa brashi: Arusi, na Baikoko.