Shingo

Usingizi umenikataa na rangi imeniganda kwenye kucha. Tangu saa kumi jioni nachora shingo ya mtoto.

Sisi wachoraji wa nyuso hatuna subira na shingo. Macho tunayakesha, mdomo tunaubembeleza, shingo tunaipitishia brashi pana na kazi imekwisha. Mimi nilianza kuiangalia Juni 2020, niliposimama Kibera, Nairobi, mbele ya ukuta ambao mchoraji Allan Mwangi alimchora George Floyd, Mmarekani mweusi, na kuandika HAKI. Siku chache tu zilikuwa zimepita tangu polisi mzungu kule Minneapolis amkandamize kwa goti shingoni zaidi ya dakika 9, hadi akafa. Mama mmoja mwenye mtungi wa maji akaniuliza huyu ni nani. Nikamweleza. Akautua mtungi.

"Kumbe na kwao pia?"

Hiyo "pia" imenikaa hadi leo. Miezi miwili kabla, usiku wa kafyu, risasi ya polisi ilikuwa imempata mvulana wa miaka 13 akiwa kwenye roshani ya kwao, Kiamaiko, hapa Nairobi. Alikufa.

Najua askari wa hapa ana rangi kama yangu. Lakini polisi hawa waliundwa na mkoloni, kulinda mali ya wazungu dhidi yetu. Babu zetu walivishwa kipande, kile kitambulisho cha kikoloni, shingoni, ndani ya kikasha cha chuma, na aliyekutwa bila hicho alishtakiwa. Mkoloni akaenda zake. Lile jicho la kumtazama kijana wa mtaa wa mabati kama mhalifu likabaki.

Nilitaka kumchora mvulana yule ukutani, wapitapo watu. Mwenye nyumba akakataa: "Utaniletea maneno na wakubwa." Simlaumu, ana watoto. Basi namchora kwenye plaiwudi niliyoiegemeza kitandani. Hudhurungi, nyeusi, kisha nyekundu kidogo chini ya taya, pale mshipa unapopiga. Nyekundu ikizidi inakuwa damu. Ikipungua anaonekana amelala, nami sitaki alale. Nataka awe amenyoosha shingo anachungulia barabarani, kama mtoto yeyote aliyesikia kelele huko chini.

Nimeifuta mara tatu. Kesho nitaamka mapema, niijaribu kwa mwanga wa asubuhi.