Jioni Mjomba Aliposikia Shairi la Vita

Mwanangu wa pili amepewa shuleni shairi la kughani Siku ya Mashujaa, tarehe 25 Julai, na kwa siku kadhaa sasa nyumba yetu imejaa vina. Ni shairi lenye mizani iliyonyooka: nduli anavuka mpaka, wana wa nchi wanainuka, mizinga inanguruma, adui anakimbia, bendera inapanda. Juzi, baada ya kulighani mbele yangu bila kukwama hata mara moja, aliiweka karatasi mezani akaniuliza, "Mama, mbona humu hakuna aliyeumia?"

Nilimwambia kwamba walioumia walikuwa wengi, na kwamba baadhi ya waliokufa wamezikwa Kaboya, kule Muleba. Aliridhika akaenda kucheza. Mimi sikuridhika, kwa sababu swali lile lilinipeleka moja kwa moja Mtoni kwa Azizi Ali, kwenye kibaraza cha mjomba, jioni moja ya mwishoni mwa miaka ya tisini.

Nilikuwa mwaka wa pili Mlimani, na mjomba alikuwa mlinzi wa usiku kwenye ghala moja la Barabara ya Pugu, kama ilivyoitwa wakati ule. Kuhusu vita alivyopigana, vile vya Kagera dhidi ya Idi Amin wa Uganda, nyumbani tulijua mambo mawili tu: kwamba alivukia Mutukula na kwamba alifika Kampala. Mengine hayakuulizwa. Muhula huo tulikuwa tunafundishwa ushairi wa Vita Kuu ya Kwanza, na mimi nilikuwa nimetoka kwenye malezi ya tenzi, hivyo mashairi yale yalinishangaza kwa namna ambayo sikuweza kuieleza darasani.

Katika tenzi zetu vita vinakwenda mbele. Ndivyo ulivyo ule wa Hemedi bin Abdallah kuhusu Wadachi, yaani Wajerumani, walivyoitamalaki Mrima, na ndivyo ulivyo ule mrefu wa Shaaban Robert kuhusu vita vya 1939 hadi 1945, uliochapishwa yeye akiwa ameshafariki. Mtunzi huanza kwa kumwomba Mungu, kisha anazipanga siku, miji, majemadari na mapigano, na kile kina cha mwisho kinachorudi katika kila ubeti kinamvuta msikilizaji kwenda kwenye ubeti unaofuata. Mtu akianguka, kina hakimngojei. Naupenda utaratibu huo na nimekua nao, lakini una gharama yake, na gharama hiyo anailipa yule aliyeanguka, kwa maana hakuna anayesimama kumtazama. Wilfred Owen, yule kijana Mwingereza tuliyekuwa tunamsoma, alifanya kinyume kabisa. Katika shairi lake la gesi ya sumu, lile ambalo kichwa chake ni maneno ya Kilatini ya Horace, mshairi wa kale wa Roma, hakuna jina la mji, hakuna jemadari, wala hakuna mshindi. Lipo kundi la watu waliochoka, kisha yupo mtu mmoja anayekufa, na mshairi hatuachii nafasi ya kuyageuza macho.

Jioni hiyo nilikuwa nimekaa mkekani na karatasi zangu, na mjomba amekaa kwenye kigoda akijiandaa kwenda lindo. Alikuwa na utaratibu wake wa kuvaa mabuti, nasi sote tulikuwa tumeuzoea. Kwanza alipaka poda nyayoni na katikati ya vidole, kisha alizikagua soksi ndani na nje akizipitisha mkononi kutafuta mshono uliojikunja, kisha likaja buti la kulia, kisha la kushoto, na kamba aliikaza tundu kwa tundu bila haraka. Hakuna aliyewahi kumuuliza kwa nini mlinzi wa ghala aitunze miguu yake kwa uangalifu wa namna ile.

"Unasoma nini, mama?" aliniuliza. Aliniita mama kwa kuwa nimepewa jina la mama yake mzazi.

"Shairi la vita, mjomba. La Mzungu mmoja, la mwaka 1917."

"Nisomee basi, lakini kwa Kiswahili."

Nikaanza kulifasiri palepale, mstari baada ya mstari, nikienda polepole ili nisiharibu. Nikamsomea kuhusu askari waliopinda migongo kama ombaomba wazee waliobeba magunia, wanaokohoa na kulaani, wanaokokota miguu topeni kuelekea mahali pa kupumzikia palipo mbali. Nikamsomea kwamba wengine walitembea huku wamelala, na kwamba wengi walikuwa wamepoteza mabuti yao, wakachechemea hivyo hivyo, damu ikiwa ndiyo viatu vyao.

Mjomba alikuwa ameshavaa buti la kulia. La kushoto lilikuwa mapajani pake, na mkono uliokuwa ukiilegeza kamba ulisimama.

"Rudia hapo."

Nikarudia.

"Hapo pa kulala."

"Wengine walitembea huku wamelala," nilisema.

"Huyo alikuwepo," alisema mjomba. Hakuuliza, alilisema kama mtu anayethibitisha ushahidi wa mwenzake. Kisha akaniashiria niendelee.

Sehemu ya gesi aliisikiliza kwa heshima, lakini niliona kwamba haimgusi kwa namna ile ile. Baadaye aliniambia kuwa wao hawakupigwa gesi. Nilimsomea kuhusu taharuki ya kuvaa barakoa, kuhusu yule mmoja aliyechelewa, akapepesuka na kupiga kelele ndani ya mwanga wa kijani kama mtu anayezama baharini, na jinsi mshairi alivyoendelea kumwona ndotoni. Nikamsomea walivyomtupa nyuma ya gari la kukokotwa, macho yakiwa meupe yanahangaika, na kila gari likiruka damu inasikika ikitoka mapafuni yaliyoungua. Nikamalizia kwa maneno anayoambiwa msomaji mwishoni, kwamba kama angeyaona hayo, asingewasimulia watoto wenye kiu ya sifa ule uongo wa kale kwamba kuifia nchi ni jambo tamu na la fahari.

Mjomba alinyamaza kidogo, kisha akaanza kuniuliza maswali ambayo hakuna mwalimu aliyewahi kutuuliza.

"Alikuwa kikosi gani?"

"Kikosi cha Manchester, mjomba."

"Cheo?"

"Luteni usu."

"Alirudi kwao?"

Nikamweleza kwamba Owen alitibiwa Scotland mwaka 1917 kwa mshtuko alioupata vitani, na kwamba shairi hili aliliandika akiwa hospitalini huko. Baadaye alirudi Ufaransa, akauawa tarehe 4 Novemba 1918 kwenye mapigano ya kuvuka mfereji, akiwa na umri wa miaka 25. Vita vilikwisha tarehe 11, na siku hiyo hiyo, kengele zikilia kushangilia amani, ndiyo simu ya maandishi ya kifo chake ilipowafikia wazazi wake.

"Wiki moja," alisema mjomba, akatikisa kichwa. Halafu, bila mimi kumuomba, akaanza kusema.

Alisema kwamba baada ya Masaka mvua ilikuwa haikatiki, na kwamba kule Lukaya barabara inapita katikati ya tope na matete, huna pa kukanyaga kushoto wala kulia. Walitembea usiku, kila mmoja ameshika mkanda wa aliye mbele yake. "Unalala," alisema, "lakini mkono haulali. Ukiona mkono wako umeshika hewa, hapo ndipo unaamka." Nyuma yake alikuwepo kijana mmoja ambaye mabuti yake yalipasuka mapema. Aliyafunga kwa kamba, yakamfikisha mbali kidogo, kisha miguu ikavimba kiasi kwamba alipoyavua hayakurudi tena. Akachana shati, akaizungushia miguu vitambaa. Walipopumzika na kuvifungua, ngozi ilitoka pamoja na kitambaa.

"Alikuwa akilia," alisema mjomba. "Usiku, tukitembea, namsikia nyuma yangu. Lakini alilia kwa adabu, mama. Taratibu kabisa, asije akatuletea taabu sisi wengine."

Kwa sentensi hiyo moja nilielewa Owen alikuwa anafanya nini, na niliielewa vizuri kuliko kwa mihadhara yote ya muhula ule. Hofu ya vita niliyokuwa nikiifikiria ilikuwa ya milipuko. Hofu aliyonipa mjomba ilikuwa ya kijana aliyekosa ngozi miguuni na bado anachunga sauti yake.

Niliuliza nini kilimpata. Mjomba alisema risasi ilimkuta ameketi, anavifunga upya vile vitambaa, kabla ya kufika Kampala. Niliuliza jina lake. Alinitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Jina lake niachie mimi. Mama yake aliambiwa kwamba mwanawe amekufa kishujaa, na hiyo ni kweli tupu. Haya ya miguu hakuambiwa."

Kisha akavaa buti la kushoto, akalifunga tundu kwa tundu kama kawaida yake, akachukua tochi na rungu, akaenda kazini akiwa amechelewa.

Nilimsomea mara nyingine, wiki kadhaa baadaye, utenzi wa Henry Muhanika kuhusu Vita vya Kagera na anguko la Idi Amin, uliotoka mwaka 1981. Nilidhani hataujali, baada ya yale. Kumbe aliufurahia mno, akawa anatangulia kutaja mahali kabla sijafika. Nilipomuuliza ni kipi kinachosema kweli zaidi, alijibu kwa umakini uleule wa kukagua soksi: "Huyu ametaja tulikopita. Yule wa Manchester alitaja tulivyopita. Mimi navitaka vyote viwili."

Tangu hapo siwezi kupita Mtaa wa Samora, pale kwenye Sanamu ya Askari iliyosimamishwa mwaka 1927, bila kuyasoma maandishi yake. Maneno yale yalitungwa na Rudyard Kipling, mshairi aliyempoteza mwanawe wa pekee wa kiume mwenye umri wa miaka 18 kwenye mapigano ya Loos mwaka 1915, na ambaye hakulipata kaburi la mtoto huyo hadi anaingia lake mwenyewe. Mtu aliyeumizwa kiasi hicho aliijua vita. Na bado, alipofika kwa wapagazi wa Afrika ya Mashariki, wale waliobeba risasi na posho za majeshi kutoka pwani hadi bara, wakafa kwa makumi ya maelfu, wengi wao kwa kuhara, malaria na njaa kuliko kwa risasi, aliwaita miguu na mikono ya jeshi. Ni sifa kubwa, na naamini aliitoa kwa moyo mweupe. Lakini katika shaba na jiwe lile miguu imesifiwa bila kuangaliwa. Hakuna kidonda hata kimoja pale. Askari wa shaba ameinama na bunduki yake kuelekea bandarini, amevaa vizuri, mzima kabisa.

Mwenzangu mmoja tunayefundisha naye fasihi hakubaliani nami katika jambo hili. Anasema kwamba mwezi Novemba 1978, baada ya Mwalimu kutangaza kwamba sababu ya kumpiga tunayo, nchi iliyovamiwa haikuhitaji mshairi wa kuwaonyesha vijana vidonda watakavyovipata. Ilihitaji sauti ya kuwainua, na tenzi na ngonjera zilifanya kazi hiyo ipasavyo. Sina hoja ya kumshinda. Watu wa Kagera walikuwa wameuawa, nyumba zao zimechomwa, mifugo yao imeporwa, na mjomba, kwa miaka yote niliyomfahamu, hakuwahi kusema kwamba hakupaswa kwenda. Ninachoshindwa kukikubali ni kwamba leo, vita vikiwa vimekwisha kitambo, bado tunahofia kwamba ubeti mmoja kuhusu ngozi iliyotoka na kitambaa utampunguzia heshima kijana yule. Mimi naona ungemwongezea.

Hata hivyo, ipo sehemu ya habari hii ambayo hainipi raha. Owen aliyaandika yale yote, akayaamini, kisha akarudi mstari wa mbele kwa hiari kiasi cha kupewa nishani ya ushujaa. Shairi halikumzuia hata yeye mwenyewe. Nililizungumza jambo hilo na mjomba miaka michache kabla hajafariki, tukiwa kibarazani palepale, na nikathubutu kumuuliza kama naye angeitwa tena angekwenda.

"Ningekwenda," alisema bila kusita. "Ila ningependa anayenituma awe ameshasomewa shairi lile."

Nimelifikiria jibu hilo kwa miaka mingi sasa, nimewasomea wanafunzi wangu mashairi ya pande zote mbili, na mpaka leo sijui kama mjomba alikuwa anaikubali vita au anaikataa.