Karatasi ya Hombolo

Mjomba aliitoa karatasi kwenye mfuko wa shati, imekunjwa mara nne, akanipa kama anayempa daktari cheti.

"Soma mwenyewe, mwanangu. Pale dukani wameibandika ukutani. Wanasema imetoka kwenye kompyuta, dunia nzima inaisoma."

Niliikunjua. Sikuhitaji kufika mstari wa pili. Yalikuwa maneno yangu.

Hiyo ni Hombolo, huko Dodoma, Novemba 2016, mwaka ule serikali ilipotangaza kuhamia Dodoma kweli kweli na kila mwenye kiwanja akaanza kutembea kitajiri. Mizabibu ya mjomba ilikuwa katika maua. Chini ya kibanda, pembeni ya bomba la kupulizia, kulikuwa na kachupa ka dawa ya ukungu ambako bei yake ningeweza kuitaja huku nimefumba macho, kwa sababu duka lililomuuzia ndilo lililokuwa likinilipa.

Nilikuwa na shahada ya uzamili, na tasnifu yangu ilihusu ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu. Mkulima yeyote wa zabibu huku kwetu anaujua: jani linakuwa kama limemwagiwa majivu, na punje ikishikwa changa hupasuka kabla ya kuiva. Jumamosi nilikaa katika duka hilo la pembejeo mjini, nikiwashauri wateja kwa posho. Sikuona ubaya. Mtaalamu naye anakula.

Usiku mmoja, nikiwa chumbani kwangu Nkuhungu, nikafungua makala ya zabibu kwenye Wikipedia ya Kiswahili. Ilinikera. Haikugusa hata kwamba Dodoma tunavuna mara mbili kwa mwaka, Februari hadi Machi, kisha Agosti hadi Septemba. Nikabonyeza "Hariri", nikaliongeza hilo. Hadi hapo nilikuwa msafi kama pamba.

Kisha mkono ukanoga. Nikaandika aya nzima juu ya ubwiri unga. Nikaitaja ile dawa ya dukani kwa jina, nikaweka tasnifu yangu kuwa chanzo, mara tatu. Juu ya salfa, dawa ya ukungu ambayo wazee wameitumia miaka nenda miaka rudi na bei yake hailizi mtu, niliandika sentensi moja: huunguza majani kukiwa na joto kali. Ni kweli, huunguza. Ila kwamba ukiipiga alfajiri, kabla jua halijakaza, inafanya kazi yake vizuri tu, hilo sikuliandika. Nililijua. Lilikuwa ndani ya tasnifu ile ile.

Nikamtumia mwenye duka kwa WhatsApp. Sijui nilitegemea nini. Asubuhi alikuwa ameshachapisha nakala.

Siku mbili baadaye nikakuta ujumbe kwenye ukurasa wangu wa majadiliano. Mhariri mmoja, jina la kujipachika tu, alinikaribisha, akanishukuru kwa sentensi ya misimu, kisha akauliza: je, wewe ndiye uliyeandika tasnifu hiyo, na je, una uhusiano wowote na wanaouza dawa hiyo? Akaongeza kuwa mwenye mgongano wa maslahi hashauriwi kuhariri mwenyewe. Anaweka pendekezo kwenye ukurasa wa majadiliano ya makala, anasema maslahi yake, wengine wanaamua. Na anayelipwa kwa kuhariri analazimika kutangaza.

Nilipandwa na hasira. Mgongano wa maslahi nilikuwa nikiusikia redioni, mambo ya vigogo wanaojaza fomu za mali chini ya Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya 1995. Mimi bwana shamba wa posho, wapi na wapi? Nikamjibu: "Nina shahada mbili za kilimo. Wewe unazo ngapi?"

"Za kilimo sina," akaandika. "Naomba jibu la swali langu."

Sikujibu. Nilitafuta pa kujifichia, nikapapata: nilisoma kuwa hata Jimmy Wales, aliyeianzisha Wikipedia na Larry Sanger mwaka 2001, aligundulika mwaka 2005 akihariri makala inayomhusu yeye mwenyewe, tena sehemu zinazomtaja Sanger kuwa mwanzilishi mwenzake. Kama mwenye nyumba kafanya, mgeni je? Lakini kisa chenyewe hakikunisaidia. Wales alikiri kuwa hakupaswa, na kilichomfichua ni ile historia ya ukurasa. Nikafungua historia ya ukurasa wangu. Jina langu, tarehe, saa, dakika, kila koma niliyoweka. Hata ningefuta aya, kufuta kwenyewe kungeandikwa.

Katika hali hiyo ndipo nikaenda Hombolo, na mjomba akanipa karatasi.

"Ni dawa nzuri?" aliuliza.

"Ni nzuri, mjomba."

Tena nilisema kweli. Usiku huo, Nkuhungu, nikamjibu yule mhariri. Ndiyo, tasnifu ni yangu. Ndiyo, duka linanilipa. Ndiyo, salfa niliipunja makusudi. Ilinichukua kama dakika kumi. Kumwungamia mtu usiyemwona si kazi ngumu. Aliifuta aya yote, akaacha sentensi ya misimu miwili. Kuhusu salfa aliniomba chanzo kisicho changu. Nilikipata baada ya wiki, nikakiweka kwenye majadiliano, akakiingiza yeye. Mwenye duka naye nilimwambia. Alicheka. Karatasi ilibaki ukutani, na Jumamosi iliyofuata kiti changu alikikalia kijana mwingine.

Mimi Jumamosi hiyo nilipanda gari la Hombolo na mfuko wa salfa magotini.

"Mbukwenyi, mjomba." Nikamweleza yote, nimesimama. Ya Wikipedia hakuyafuatilia sana. Alinyamaza, akaenda kibandani, akarudi na kachupa, bado kamejaa zaidi ya nusu, akakaweka chini mbele yangu.

"Kwa hiyo walikulipa ili uniambie mimi?"

"Hawakuniambia niandike, mjomba. Niliandika tu."

"Shilingi 35,000," akasema, akanyoosha mkono.

Nikatoa pochi. Alizihesabu mara mbili.