Jinsi nilivyotatua kibao cha piano kilichokwama msimu wa kaskazi

Nafundisha piano nyumbani, Mombasa. Likizo ya Desemba ndiyo huniletea wanafunzi wengi, na ndipo kaskazi inapovuma kwa joto na unyevu. Basi kibao cha re, jirani ya do ya katikati, kikaanza kukwama: mtoto anabonyeza, kinabaki chini. "Mwalimu, hakirudi!"

Piano ya kawaida ina vibao 88 vya mbao, na kila kimoja hukaa kwenye pini za chuma kupitia tundu lililovikwa kitambaa cha sufu. Unyevu ukizidi, sufu na mbao hufura, tundu likaibana pini. Kabla ya kufungua chochote nilikitikisa kibao kushoto na kulia. Kibao kisicho na hitilafu huchezacheza kidogo. Hiki kilikuwa kimekaza kabisa. Wala hapakuwa na penseli au sarafu iliyotumbukia kando yake.

Nikatoa ubao wa mbele, nikakiinua taratibu, nikafuta pini kwa kitambaa kikavu hadi zikang'aa. Kisha nikaiminya sufu ya tundu kwa koleo bapa, kidogo kidogo, nikikirudisha na kukijaribu kila mara, maana ukizidisha kibao kitalegea na kugongagonga. Mafuta usiguse kabisa, hata ya cherehani: sufu huyanyonya, na hali huwa mbaya zaidi.

Piano nimeihamisha mbali na dirisha la upande wa bahari, na nimeweka kipima unyevu. Siku hizi kabla ya masomo nacheza skeli polepole, nikisikiliza kibao kimoja kimoja. Fa ilipoanza uzito nayo niliishughulikia mapema, wanafunzi wakaikuta iko sawa.